MGB: Kabla ya kung'oa shokapu za mkono

MGB, gari dogo la michezo, ikiyumba mkia kwenye kona yenye mashimo, hukumu hutoka mapema: ng'oa shokapu za mkono (kisanduku cha oili chenye mkono unaochezeshwa na ekseli), funga za bomba, zile ndefu za kawaida za magari ya leo. Gari hili lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, na muda wote huo nyuma lilibaki na ekseli nzima juu ya springi za mabapa, ikitulizwa na shokapu za mkono za Armstrong. Ni muundo mkongwe kweli, ila hubebeshwa mizigo isiyo yake.

Wanaotaka za bomba wana hoja. Ndani ya shokapu ya mkono pistoni husogea kidogo tu, hivyo shinikizo ni kubwa na oili ni chache. Barabara mbovu ikiendelea, oili hupata moto, huwa nyepesi, na gari huanza kudunda. Ya bomba ina pistoni inayotembea mbali zaidi, na baadhi huweza kurekebishwa ugumu. Kwa gari la mashindano, hayo yanatosha.

Lakini tazama kinacholinganishwa: shokapu mpya ya bomba na ya mkono iliyokaa miaka bila kuongezwa oili. Oili ikipungua, hewa huingia, na hewa hubanika. Sehemu ya kwanza ya mwendo wa mkono huwa tupu, haina ukinzani wowote. Na kazi kubwa ya kutuliza gari barabarani iko papo hapo, katika misogeo midogo. Dereva akigeuza usukani, nyuma huchelewa kutulia. Anasema shokapu ni dhaifu, kumbe bado haijaanza kazi. Oili nzito zaidi haiondoi hewa. Inaongeza ugumu baada ya pengo, na pengo linabaki.

Kupima ni rahisi. Achia kiungo cha chini kinachounganisha mkono na ekseli, usogeze mkono wa shokapu polepole toka mwanzo hadi mwisho: uzito uwe uleule njia nzima, bila mahali unapoteleza. Ukiteleza, toa shokapu kwenye gari, safisha vizuri kuzunguka kizibo cha oili (mchanga ukiingia huharibu vali), ibane wima kwenye jiliwa, tia oili ya shokapu za mbele za pikipiki, SAE 20, kisha pampu mkono huku ukiongeza hadi mapovu yaishe. Ikivuja kwenye shafti, usihangaike kuongeza. Bushi ya shafti imelika na shokapu inahitaji kufanyiwa ukarabati.

Halafu angalia springi yenyewe. Kaza nati za yu-bolti, badilisha raba zilizopondeka kati ya springi na ekseli. Bushi ya jicho la mbele (tundu la ncha ya springi linalopitiwa na bolti) ibaki ya raba: gari likilala kwenye kona springi hulazimika kujipinda, na bushi ngumu ya plastiki huizuia, nyuma ikakakamaa na mkia ukatoka kwa ghafla. Bolti yake ikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza gari likining'inia kwenye jeki, raba hukaa imesokotwa muda wote na huchanika mapema.

Magari ya bampa za raba, kuanzia mwishoni mwa 1974, yana shida nyingine: yaliinuliwa kwa ajili ya sheria za Marekani, na yale ya wazi yakanyimwa stabilaiza ya mbele, fimbo ya chuma inayopunguza kulala kwa gari kwenye kona. Stabilaiza za mbele na nyuma zilikuja na modeli ya 1977. Gari la kati ya hapo hulala sana kwenye kona, na hakuna shokapu ya kulizuia; shokapu huchelewesha kulala tu.

Ukifika hapo na bado unataka za bomba, pima kwanza. Ekseli ikigusa raba ya kikomo, ile inayoizuia isipande zaidi, shokapu iwe bado na mwendo uliobaki. Gari likishushwa, mwendo huo huisha kwanza, na kila shimo hupigwa moja kwa moja kwenye mabano na bodi.