Mkifika Fort Jesus, ulizieni gereza

Shule nyingi za Moshi zinazopeleka wanafunzi Mombasa kupitia Holili, Taveta na Voi huipa Fort Jesus saa moja tu. Picha kwenye mizinga, soda, basi linawasha. Tengeni saa tatu, na muingie asubuhi. Ikifika saa sita ua ule hauna kivuli cha kutosha darasa zima.

Habari ya Wareno mtaipata bila kuuliza: ujenzi wa 1593 hadi 1596, ramani ya Mtaliano Cairati, kisha Waomani kuizingira ngome kuanzia 1696. Wanafunzi hudhani ilishindwa kwa mizinga. Sivyo. Kwa miezi 33 waliomo ndani walimalizwa hasa na maradhi na njaa, hata Waomani walipoingia Desemba 1698 hawakubaki watu 20. Meli ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa humo vimo kwenye makumbusho.

Halafu tazameni kuta. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nayo chokaa ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa kwa kuni na kuzimwa kwa maji. Kwetu Moshi mtu akiona ufa anaita fundi na mfuko wa saruji. Pwani, kufanya hivyo ni kuliua jengo: saruji haipumui, unyevu wenye chumvi unakwama nyuma yake, chumvi inaganda, jiwe linamomonyoka ndani kwa ndani huku plasta ikionekana nzima. Ufa wa chokaa huzibwa kwa chokaa.

Linalorukwa mno ni gereza. Mwaka 1895 Waingereza waliondoa vibanda vya askari, wakajenga vyumba vya wafungwa, na ikabaki jela hadi 1958. Miaka 63! Hawakuhitaji kubuni kitu: kuta nene, lango la kulindwa, bahari upande mmoja. Makumbusho yalifunguliwa 1960, baada ya uchimbuaji wa mwanaakiolojia James Kirkman na fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hamjaondoka, mwombe mwongozaji awasimamishe palipokuwa na vyumba vile, awaeleze wafungwa walilala wapi na maji waliyapata wapi. Mizinga itawasubiri.