Kuonja maabara kabla ya kuamua

Mpwa wangu ameanza shahada ya uzamivu ya biolojia Marekani, na miezi inapita hana msimamizi. Mama yake alipoambiwa hivyo alishtuka, akadhani kijana keshafukuzwa. Kumbe ndio utaratibu wao: katika programu nyingi za biolojia kule, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita maabara mbili au tatu, kila moja kwa wiki nane hadi kumi hivi, ndipo achague pa kukaa, na mwenye maabara naye amkubali.

Kwetu Zanzibar mara nyingi mambo huanzia mwisho. Unakwenda kuomba nafasi na andiko mkononi, msimamizi umeshamtafuta, na miaka mitatu inaanza kuhesabiwa hapo hapo. Ni mbuzi kwenye gunia. Aliyewahi kusubiri miezi arejeshewe sura moja ya tasnifu anajua uchungu wake.

Kwa hiyo wanaosema tuige wana hoja, na haiishii kwenye tabia za walimu. Anayetaka kusomea kichocho akikaa wiki kadhaa Wawi, Chake Chake, kule Pemba, kwenye Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa mwaka 2000, ataona mkojo unavyochujwa na mayai ya vimelea kuhesabiwa kwa darubini. Akitoka hapo akapita Buyu, huku Unguja, kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari, huenda akagundua kwamba moyo wake uko kwenye mwani. Bora aligundue hilo mapema kuliko mwaka wa tatu.

Lakini wiki nane za nani? Panya wa maabara na seli za kwenye sahani hazina msimu wa kaskazi wala wa kusi. Mwani unao. Ukitaka kuona joto la maji linavyouadhibu, nenda miezi ya kaskazi. Ukifika Julai utaikuta bahari nyingine. Konokono wanaoeneza kichocho nao wana mabwawa yanayojaa masika na kukauka baadaye. Tena kemikali za kuagiza nje hazifiki kwa haraka ya mpangilio wa mtu, kwa hiyo mgeni wa wiki nane anaweza kuzimaliza wiki zake akiosha vyombo. Hata huko kwao wapo wanaolalamika kwamba muda huo haumtoshi mtu kukamilisha jaribio moja la maana.

Hilo la misimu linapangika. Zito ni fedha. Kule, kwa kawaida, posho ya mwaka wa kwanza hutoka kwenye programu au chuo, si mfukoni mwa profesa mmoja, ndiyo maana mwanafunzi anaweza kushukuru na kuondoka. Hapa fedha mara nyingi huja na mradi, na mradi una mwenyewe. Ukimkataa mwenye mradi umekataa na chakula. Mzunguko wa namna hiyo ni matembezi tu.

Halafu kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye miongozo: kisiwa ni kidogo. Utamwambia mwalimu wako "sikuchagua wewe", kisha Ijumaa mswali safu moja, na wiki ijayo mkutane mazikoni. Wengi watakaa kimya wabaki walipo kwa kuona haya tu.

Mimi ningeanza na maabara mbili, si tatu, moja Unguja na moja Pemba, kabla mada haijasajiliwa na kabla saa ya miaka mitatu haijaanza, na posho ya miezi hiyo ilipwe na chuo chenyewe. Uchaguzi upelekwe kwa siri kwa mratibu, yeye ndiye awaambie walimu. Bila posho hiyo, afadhali tubaki na utaratibu wa sasa, maana angalau kila mtu anajua alipo.

Juzi mpwa wangu amepiga simu. Kachagua maabara ya pili, ndogo, isiyo na jina kubwa. Nikamuuliza ile ya kwanza ya yule bingwa ina kasoro gani. "Mjomba," akaniambia, "kwa wiki tisa nilimuona mara mbili."