Huku Mzinga, Kule Mzinga

Mimi jamani sijui nilizaliwa na nyota gani. Nimekulia Mbagala, jirani na mto unaoitwa Mzinga, si utani, nendeni mkaulize, nikapanda ndege nikaja Texas, nikapanga kijumba nje huko mbali na Houston, mashambani kabisa maana kodi ni nafuu, nikasema sasa nitapumzika. Kumbe nimepanga ukuta kwa ukuta na babu mwenye mzinga. Na sio wa nyuki. Wa nyuki si ningeshukuru, ningepata hata asali ya chai. Huu ni mzinga wa baruti, dude la chuma fupi nene limekaa kama kinu cha kutwangia kisamvu, kachomelea mwenyewe gereji kwake baada ya kustaafu, na mdomo wake unameza tufe la boling, lile la kuangushia vigongo, zito kama kilo saba, linarushwa juu huko kwa raha zake. Raha gani? Ndio nami nauliza.

Sasa mimi nalea wazee, kazi ya usiku, natoka saa moja asubuhi. Jumamosi nafika, nakunywa chai na mkate, najitupa kitandani. Saa nne kamili, wala sio saa nne na dakika moja, DUUU! Vioo vinatetemeka, picha ya sendoff ya dada inadondoka ukutani, paka anaingia kabati la viatu na hatoki mpaka Jumapili. Mara ya kwanza nilijikuta uani, pekupeku, na pasipoti mkononi, hata sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Mtu wa Mbagala mumuelewe. Tarehe 29 Aprili 2009 yale maghala ya mabomu yalipolipuka watu zaidi ya 20 walikufa, hilo silifanyii mzaha. Lakini sisi tuliopona tulipona na tabia zetu. Bi mkubwa wangu alikimbia na sufuria la wali mpaka Kongowe, watu wanamuuliza mama vipi na sufuria, anasema haujakauka maji huu. Tukaja tukasahau kidogo, Februari 2011 Gongo la Mboto nako kukalipuka usiku. Kwa hiyo sisi ukitupigia kitu DUU hatuulizi, tunakimbia kwanza, maswali tunauliza tukishafika.

Nikapiga simu polisi, ile namba ya mambo yasiyo ya dharura. Askari akaja, akapotelea kwa babu karibu nusu saa, mimi huku moyo umetulia nasema anaandikwa faini huyo. Nachungulia dirishani namuona askari kavaa vile vya kuziba masikio anahesabu tatu, mbili, moja. DUUU! Ndipo akaja kwangu, anatabasamu, ananielewesha kwa upole kwamba sheria ya nchi nzima inamruhusu mtu kuweka baruti nyeusi ya kiwandani mpaka ratili 50, yaani kilo 22 na ushee, bila leseni, ilimradi ni ya kujiburudisha na silaha za kizamani. Kujiburudisha! Kwetu mtu wa umri ule akitaka kujiburudisha anakaa kibarazani anacheza bao.

Na usifikiri babu ni kichaa peke yake, ni mambo yao ya asili. Ana stika kwenye pikapu yake, imechorwa mzinga na maneno yanayosema njoo uchukue. Nikamuuliza hii ya nini, kosa kubwa, akanisimulia saa nzima nimeshika mfuko wa takataka. Ni kwamba mwaka 1831 serikali ya Meksiko, maana Texas ilikuwa yao, iliwaazima watu wa mji wa Gonzales kamzinga kadogo wajilinde na Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa huko. Mwaka 1835 wenyewe wakaja kudai kitu chao. Wale watu wakatengeneza bendera, wakachora mzinga, wakaandika njoo uchukue, na tarehe 2 Oktoba wakawafyatulia risasi wenye mali, vita ya uhuru wa Texas ikaanzia hapo. Babu anasimulia machozi yanamlengalenga. Mimi nasikiliza nawaza, hivi huu si ndio mchezo alionifanyia yule kijana wa Rangi Tatu, kule kule Mbagala, na pasi yangu? Nilimuazima wiki moja, nilipoifuata akasema kama unaiweza ingia ndani uichukue. Kumbe jamaa alikuwa anatangaza uhuru.

Basi ukishindwa kulala si uende. Jumamosi moja nikaenda. Na lazima niseme ukweli, babu ana utaratibu kuliko harusi za kwetu, ambazo bwana harusi mwenyewe anachelewa. Wote nyuma ya tuta la udongo, masikio yamezibwa, hakuna sigara, hakuna bia mpaka mzinga upoe, na kabla ya kuwasha anapiga kelele mara tatu kama mnadani. Halafu DUUU, ardhi inakusukuma nyayo kwa chini, moshi mweupe mzito kama wa tanuru la mkaa, unanuka mayai viza. Lile tufe linapanda, linapanda, mpaka linakuwa kama punje ya pilipili manga, na linapiga mluzi! Vile vitundu vya kuingizia vidole vinapigwa na upepo, fiiiii, halafu kimya, halafu unasikia pwaa, mbali huko shambani. Nikakenua meno. Nakiri. Ile harufu ilinirudisha Krismasi za utotoni, tukilipua spoku za baiskeli na vibiriti, na kipigo cha bi mkubwa baada ya hapo.

Raha yenyewe sekunde chache. Baada ya hapo unakabidhiwa koleo. Tufe limezama kwenye tope jeusi, hilo tope linang'ang'ania buti kama mdai, mnachimba weee, babu kasimama pembeni kashika kiuno anaelekeza kushoto kidogo, kulia kidogo. Mtu nimetoka kugeuza wazee kitandani usiku kucha nakuja kuchimba tufe bure.

Akaniambia kila mgeni analeta kitu cha kurusha. Mwenzangu mmoja alileta kabichi zima, bichi, nikataka kulia, bei ya kabichi huku mnaijua? Mimi nikaenda na ugali. Ule ugali wangu wa kiseja, wa juzi, nimeusahau kwenye friji, nimeufinyanga duara. Babu akaugonga na kifundo cha kidole, akaniangalia, akauliza hiki watu wanakula? Ukaingia, DUUU, na haukutua. Yaani haukutua popote, ulirudi kama manyunyu, tukapakwa sisi, tuta, pikapu na ile stika yao. Mbwa wa babu ndiye pekee aliyefurahi.

Sasa kosa langu liko hapa. Wakati yote haya yanatokea bi mkubwa kanipigia video, kule ni saa kumi na mbili jioni, nikasema ngoja nimuonyeshe mwanawe anavyoburudika. Shikamoo mama, marahaba baba, za huko, hapo hapo babu kapiga kelele zake tatu na mimi nimejisahau sijamuonya mama. DUUU! Nikaona dari. Nikaona paka wa jirani. Nikaona khanga inapita, simu ikakatika.

Nilipiga mpaka chaji ikaisha. Na mjue simu yangu siku zote inapigwa mizinga, ile ya kuombwa hela, kutoka kwao kwenda kwangu, binamu mzinga wa ada, shemeji mzinga wa bati, hata mtu tuliyesoma naye darasa la pili ananipiga mzinga wa kilainishi cha bodaboda. Siku hiyo natafuta mtu wa kunipokea hakuna.

Saa saba ndio mesji ikaingia, namba ya mama mdogo: "Baba mama yako yuko huku kwangu Vikindu kaja na bodaboda na sufuria hajamlipa simu imedondoka njiani imepasuka kioo presha imepanda tuma laki tatu na ya kutolea."

Nasoma, na nyuma yangu babu anajaza la pili.