Mercedes ya Amin iacheni, njooni huku kwenye Ford

Wiki jana nilimpeleka mjomba wangu Uganda Museum, pale Kira Road, Kampala. Mzee ameendesha Bedford ya mizigo miaka na miaka, Mombasa Kampala, Kampala Mombasa, na ukimsikia akiongea Kiswahili unajua kabisa huyu alijifunzia mpakani Malaba kwenye foleni ya malori. Mimi nilijua tutaenda moja kwa moja kwa zile gari za marais, si ndo kila mtu anaendea, Mercedes ya Idi Amin watu wanapanga laini kupiga selfi utafikiri mwenyewe yuko ndani anawapungia. Mzee akaitazama mara moja tu. "Hii ilikuwa na dereva, jina lake liko wapi?" Nikakosa jibu.

Basi tukaenda kwa Ford Model T. Na hapa nasema wazi, kwangu mimi hii ndo gari ya kuvukia mji, ile nyingine ni siasa tu kwenye magurudumu.

Hii kitu ilianza kutengenezwa 1908, mwaka uleule museum yetu ilianzishwa, ikaendelea mpaka 1927, zikatoka zaidi ya milioni 15. Sasa ukiingia na akili ya leo huitoi hata hapo ilipo. Pedeli ziko tatu lakini hakuna hata moja ya mafuta! Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini umeingia gia ya kwanza, ukiiachia umeingia ya pili, na gia za mbele zimeishia hapo, ya katikati ni rivasi, ya kulia breki, halafu mafuta unayaongeza kwa mkono, kuna kijiti chini ya usukani. Kingine ambacho kilinichekesha, tangi liko chini ya kiti na pampu hakuna, petroli inateremka yenyewe mpaka kwa kabureta, kwa hiyo mlima ukiwa mkali na tangi liko karibu kuisha, petroli haifiki, unageuza gari unapanda kwa rivasi. Hebu waza mtu anapanda Mulago kinyumenyume, boda zinampigia honi.

Mzee alikwama mbele pale kwa hendeli, kile chuma unakizungusha kwa mkono kuwasha injini. Akakunja ngumi hewani kunionyesha: kidole gumba usikizungushie chuma, kiweke upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha teke itakuvunja mkono. Bedford yake, betri ikifa, ilikuwa inawashwa hivyohivyo. Kuna watoto wa shule walikuwa wanapita wakasimama kumwangalia, na Mercedes kule ikabaki peke yake kwa muda, nilifurahi sana.

Ndo maana nasema, wazee kama huyu wakae na hizi gari hata Jumamosi moja kwa mwezi, pamoja na mafundi wa Katwe, watu waambiwe chuma kinafanyaje kazi na nani alikishika. Kujua nani alikaa siti ya nyuma, sawa, tumeshajua.

Tunatoka, gari yangu, kikumi, imegoma. Betri. Otomatiki, hata kusukuma haiwezekani. Mzee akazunguka mbele, akainama chini ya bampa kutafuta tundu la hendeli, akacheka mpaka akakohoa, mimi niko barabarani nasimamisha matatu kuomba jampa.