Takahashi Korekiyo: aliiokoa Japani, au aliwafungulia wanajeshi kabati la hela?

Aprili 1927 Japani ilichapa noti za yen 200 ambazo nyuma hazina kitu, nyeupe tupu. Hazikuwa feki. Benki zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, watu wamejazana milangoni wanataka chao, na waziri mpya wa fedha, mzee wa miaka 72, akaona kuchapa pande zote mbili ni kupoteza muda. Akafunga mabenki siku mbili, akasimamisha malipo ya madeni kwa wiki 3, na milango ilipofunguliwa noti zimerundikwa kaunta ili kila anayeingia azione kwa macho yake. Watu wakaona kumbe hela zipo, wakatulia. Baada ya siku kama 40 hivi mzee akajiuzulu akaenda zake nyumbani.

Huyo ndo Takahashi Korekiyo, na maisha yake ni kituko kabla hata hujafika kwenye uchumi. Kazaliwa 1854 nje ya ndoa, baba mchoraji, akalelewa na familia ya askari wa daraja la chini. Kijana mdogo kabisa akapelekwa Marekani kusoma, huko California akasaini karatasi asiyoielewa, kumbe kajiweka kwenye mkataba wa utumishi. Akarudi, akafundisha Kiingereza, akanywa pombe balaa, akaenda Peru kuchimba madini ya fedha mgodi ukawa hauna kitu. Mwaka 1892 akaingia Benki Kuu, na 1904 ndo akatumwa London kukopa hela za vita na Urusi, akarudi na pauni milioni 10 za kwanza, nusu zikitoka New York kwa msaada wa Jacob Schiff, mwenye benki wa huko ambaye alikuwa na hasira na mfalme wa Urusi kwa jinsi Wayahudi walivyokuwa wanauawa kule. Uwaziri mkuu nao aliushika, 1921 mpaka 1922, lakini hapo hakung'ara, tupite.

Kinachobishaniwa mpaka leo ni Desemba 1931. Mzee alirudi tena kuwa waziri wa fedha. Aliyemtangulia kwenye kiti hicho, Inoue Junnosuke, alikuwa ameirudisha yen kwenye dhahabu Januari 1930, yaani thamani ya yen imefungwa kwenye kiasi maalum cha dhahabu, tena kwa bei ya zamani, wakati Wall Street, soko la hisa la New York, imeshaanguka miezi michache nyuma. Bei zikaporomoka, wakulima wa hariri wakaumia vibaya. Takahashi siku ileile anaingia ofisini akaitoa yen kwenye dhahabu. Yen 100 zilikuwa kama dola 49, kufika mwisho wa 1932 ni kama dola 20 tu. Halafu akaongeza matumizi ya serikali, na Novemba 1932 akaanza kuiuzia Benki Kuu hatifungani za serikali (karatasi za mkopo) moja kwa moja, yaani serikali inakopa kwenye benki yake yenyewe.

Na ilifanya kazi bana. Wakati Marekani bado inagaagaa chini, viwanda vya Japani vilishaamka. Hata huku kwetu walioikuta wanajua, nguo za pamba za Kijapani zilifurika Mombasa na Dar es Salaam kwa bei ambayo viwanda vya Uingereza havikuiweza, na kuzibagua kwa ushuru ikashindikana kwa sababu mikataba ya bonde la Kongo ilitaka biashara ya nchi zote ipewe haki sawa. Mwaka 2003 Ben Bernanke, mchumi wa Benki Kuu ya Marekani, alienda Tokyo akamsifia mzee kwamba ndo aliyeitoa Japani kwenye mdororo.

Sasa upande wa pili. Wanaomlaumu wanasema hela zile nyingi ziliishia jeshini, Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, jeshi la Japani limeshaivamia, na yeye ndo kaonyesha njia: kumbe ukitaka bunduki huna haja ya kodi wala ya kumbembeleza mkopeshaji wa London, unaipelekea Benki Kuu karatasi basi. Halafu wanavijiji, mpango wa kuwasaidia ulianza 1932 ukakatwa baada ya miaka mitatu, jeshi likaendelea kula. Hilo mi naona ni lawama ya haki kabisa, maana kule kaskazini mwa Japani mwaka 1934 mavuno yalikufa na watu walikuwa na njaa.

Ila lawama ya kwamba alikuwa anachapa hela hovyo siikubali. Benki Kuu ilizinunua zile hatifungani halafu nyingi ikaziuza tena kwa mabenki ya kawaida, kwa hiyo hela ilitoka ikarudi. Na mwaka 1935 mabenki yalipoanza kusuasua kuzinunua, mzee alielewa kwamba uchumi umeshashiba, akaanza kukaza, akawaambia majenerali hakuna nyongeza. Alijua breki iko wapi. Shida, na hapa ndo naona kosa lake lenyewe, breki ilikuwa ni yeye mwenyewe. Hakuna sheria iliyosema mwisho ni hapa, hakuna bunge lenye meno, kulikuwa na babu mmoja wa miaka 81 mwenye ubishi wake, na mwenzake Inoue alishapigwa risasi akafa 1932, Waziri Mkuu Inukai naye miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo hatari aliiona, akaendelea kuegemea nguvu zake tu.

Alfajiri ya tarehe 26 Februari 1936, theluji imefunika Tokyo, askari walipanda ghorofani nyumbani kwake Akasaka wakamkuta kitandani, wakampiga risasi na kumkata kwa upanga. Maofisa vijana walioongoza uasi ule walikuwa wanasema wanawatetea wanavijiji wenye njaa. Waziri aliyefuata akaipa jeshi ilichotaka, na utaratibu uleule wa hatifungani ukagharamia vita mpaka 1945, mfumuko wa bei ukafagia akiba za watu.

Mwaka 1947 Japani ikatunga sheria ya fedha za umma, kifungu cha 5 kikakataza Benki Kuu kuchukua hatifungani za serikali moja kwa moja. Na mwaka 1951 Benki Kuu hiyohiyo ikatoa noti mpya ya yen 50, picha iliyowekwa ni ya mzee Takahashi, ndevu zake na uso wake wa mviringo.