Dodoma Ilikuwa Makao Makuu Mwaka Gani? Kuhusu Maswali ya Maarifa ya Jumla na Jibu Lake Moja

Katika shindano la maarifa ya jumla lililofanyika kwenye ukumbi mmoja wa hapa Dodoma, ambalo niliombwa niwe miongoni mwa waamuzi watatu, liliulizwa swali ambalo wote tulilidhani jepesi: Dodoma ilikuwa makao makuu ya nchi mwaka gani? Msichana wa kidato cha tatu alijibu bila kusita kwamba ni mwaka 1996. Karatasi yetu ya majibu ilisema 1973. Kengele ikagongwa, timu ya pili ikapewa nafasi, ikataja 1973, ikajipatia alama mbili, na mchezo ukaendelea. Mimi ni mmoja wa waliotia sahihi matokeo yale.

Tangu jioni ile nimelirudia swali hilo mara nyingi, na kila ninapolipima naona kwamba karatasi yetu haikuwa na haki kumshinda msichana yule. Mwaka 1973 ndio mwaka ambao TANU, chama kilichotawala wakati huo, iliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na ndio mwaka ilipoundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wakazi wa zamani hawaiiti ila kwa jina la CDA, ili iupange mji na kuugawa katika viwanja. Lakini kuamua kuhama ni jambo moja na kuhama ni jingine, kwa maana wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uamuzi huo. Mwaka 1996 Bunge ndilo lililotangulia kufanya Dodoma makazi yake, na kuanzia hapo sheria za nchi zimekuwa zikipitishwa hapa. Julai 2016, katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafika mwezi Septemba mwaka huohuo. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuitambua Dodoma rasmi kuwa makao makuu. Rais mwenyewe alihamia mwezi Oktoba 2019. Kwa hiyo mwanasheria akiulizwa atasema 2018, mwanahistoria wa chama atasema 1973, karani wa Bunge atasema 1996, na mtumishi wa wizara aliyepakia vyombo vyake kwenye lori akaagana na bahari ataitaja siku yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao anayedanganya.

Wapo wanaoona kwamba tukio la namna hii linatosha kuyahukumu mashindano ya chemsha bongo kuwa ni mchezo wa kukariri uliovishwa joho la elimu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba swali la aina hii huikata habari ndefu na kubakiza kipande kimoja kinachoweza kutajwa kabla kengele haijalia, na kwamba kipande hicho mara nyingi si chenye uzito kuliko vingine, bali ni kile tu kinachoshikika kwa urahisi. Mfano wao bora, kwa maoni yangu, ni John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu. Katika mashindano ya aina hii huulizwa ni Mtanzania gani aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki za Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, huku goti lake likiwa limefungwa bandeji. Habari yenyewe ni ya kweli na ni ya kusisimua: alianguka njiani, akaumia, akaingia uwanjani gizani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akawa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, ilhali walioanza walikuwa 75. Lakini ni wangapi kati ya wanaolijua jibu hilo wanaojua kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya 5 katika marathoni? Kwa kuulizwa swali lilelile mwaka baada ya mwaka, mkimbiaji hodari amegeuzwa kuwa mtu wa kuhurumiwa, na waliomgeuza hawakusema neno hata moja la uongo.

Wanaongeza hoja ya pili, ambayo kwangu ni dhaifu zaidi, kwamba katika zama za simu ya mkononi na intaneti hakuna faida ya kubeba kichwani tarehe ambazo mtu anaweza kuzipata kwa sekunde chache. Nasema ni dhaifu kwa sababu mtu hutafuta kile anachojua kwamba kipo. Kijana wa Dodoma mjini ambaye hajapata kulisikia jina la mwanamuziki Hukwe Zawose hawezi kuamka asubuhi akalitafuta. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji kisicho mbali na mji huu, akaipeleka sauti ya Kigogo, zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, akafundisha muziki katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na akafariki dunia mwishoni mwa mwaka 2003. Nimewahi kuliona swali moja tu kumhusu likiwafanya vijana wanne wainamie simu moja baada ya shindano, wakisikiliza mtu mmoja akiimba kama kwamba koo lake lina watu watatu. Swali ndilo lililowapa jina, na jina ndilo lililowafikisha kwenye sauti.

Hapa ndipo upande wa watetezi unapopata nguvu yake. Katikati ya Tanzania ni sehemu ambayo wenyeji wake wengi hawaijui utajiri wake. Ukichukua Kondoa, Chemba na maeneo yanayopakana nazo, unakutana na lugha za Kibantu kama Kirangi, Kigogo na Kinyaturu, lugha za Kikushi kama Kialagwa na Kiburunge, Kidatoga ambacho ni cha Kiniloti, na Kisandawe, lugha yenye sauti za kidoko ambayo haina udugu na yoyote kati ya hizo nyingine. Ni nadra sana kukuta familia za lugha zilizo mbali hivi zikiishi karibu hivi, zikiuziana ng'ombe na kuoana. Mtaala una haraka zake, na sijui ni katika somo gani mwanafunzi angekutana na jambo hilo kama lisingekuwa kwenye karatasi ya chemsha bongo, likiwa katikati ya swali la mto mrefu kuliko yote na swali la mwezi wenye siku 28.

Watetezi wana hoja nyingine iliyo nzito kuliko hiyo ya kuamsha hamu, ingawa huwa hawaisemi. Msichana aliyesema 1996 aliweza kukosea kwa namna ile yenye maana kwa sababu alikuwa na kitu kichwani. Mtu asiye na tarehe yoyote hawezi kuipinga tarehe ya mwingine. Atakubali 1973 kama angekubali 1937. Wanaotaka tuache kukariri ili tufundishe kufikiri huzungumza kana kwamba fikra husaga hewa. Kinu hakisagi bila nafaka, na tarehe, majina na mahali ni nafaka. Kosa la jioni ile halikuwa kwamba tuliuliza mwaka. Kosa ni kwamba tulipopewa mwaka mwingine hatukuuliza, "Kwa nini huo?"

Nalinganisha hali hii na vitendawili, ambavyo ndivyo chemsha bongo yetu ya zamani. Anayetega akisema "Kitendawili!" na wenzake wakaitikia "Tega!", huwa hataki waseme walichokariri; "Nyumba yangu haina mlango" ni jambo la kugeuzwageuzwa mpaka yai lionekane. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, akapewa, ndipo anapofungua. (Utotoni kwetu aliyeombwa mji alitoa Dar es Salaam au Mombasa, aliyethubutu kutoa Dodoma aliambiwa huo haujawa mji, aongeze mwingine.) Jambo ninalolikumbuka zaidi ni ubishi. Mtoto akileta jibu ambalo si la mtegaji lakini linakubaliana na maneno ya kitendawili, watu wazima waliokuwa pembeni waliingilia na kusema hilo nalo linafaa. Mtegaji hakuwa na karatasi ya kujifichia. Hata hivyo nisivipambe vitendawili kupita kiasi, kwa maana vingi kati yake vilikwishazoeleka kiasi kwamba jibu lilitoka kabla kitendawili hakijakamilika, na huko nako ni kukariri.

Mfano unaoonyesha vyema zaidi namna swali moja linavyoweza kuwa bovu au zuri ni asili ya jina la mji wenyewe. Karatasi nyingi zinauliza "Neno Dodoma lina maana gani?" na kujibu "kuzama", kutoka neno la Kigogo "idodomya", kwa kisa cha tembo aliyekwenda kunywa maji akazama matopeni. Lakini kipo kisa kingine kinachosimuliwa pamoja na hicho: kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia na kuichomeka kwenye matope, na wenye mali walipofika wakaonyeshwa mikia ile na kuambiwa kwamba mifugo yao imezama. Kisa cha kwanza ni cha ajali, cha pili ni cha ujanja, na yeyote aliyelelewa na hadithi za sungura ataitambua hila ya mikia mara moja. Je, kisa kipi ni historia? Huenda hakuna hata kimoja, kwa sababu visa vya asili ya majina mara nyingi hutungwa baada ya jina, si kabla yake. Lakini kuwapo kwa visa viwili juu ya neno moja kunatuambia kitu juu ya watu wanaovisimulia, juu ya ujirani wao na Wahehe na juu ya mahali ng'ombe aliposhika katika maisha yao. Karatasi inayosema "kuzama" imepata neno na kuupoteza mji.

Vivyo hivyo kwa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Swali la mwaka wa kuorodheshwa ni halali na lina jibu moja. Swali la umri wa michoro, ambalo nimeliona likiulizwa na kujibiwa kwa tarakimu moja iliyonyooka, si halali, kwa sababu michoro ile haikuchorwa na mkono mmoja wala katika zama moja: ipo myekundu ya wawindaji, ipo myeupe ya baadaye, na wataalamu hawajakubaliana juu ya ile iliyo ya kale zaidi.

Naweza kuulizwa kama simtwishi mtoa maswali mzigo mkubwa mno. Shindano lina muda wake, watazamaji wanataka kasi, na waamuzi si maprofesa. Nakubali. Hata Erasto Mpemba, ambaye jina lake huulizwa karibu katika kila shindano, ana habari isiyoingia kwenye mstari mmoja: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa alioutia kwenye jokofu ukiwa wa moto ukitangulia kuganda kuliko ule uliokwishapoa, alipouliza alichekwa, akauliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa mgeni shuleni hapo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Karatasi husema "aligundua". Lakini Aristotle alikuwa ameligusia jambo hilo karne nyingi kabla, na mpaka leo wanafizikia wanabishana iwapo hutokea kila mara, kwa sababu gani, au kama hutokea kabisa. Kuyasema yote hayo ukumbini kunahitaji dakika tano, na watu wamekuja kushangilia timu zao.

Hata hivyo nimeombwa tena kuandaa maswali ya shindano lijalo, na nimechagua upande. Maswali ya nani, wapi na lini nimeyabakiza, tena mengi, kwa sababu bila hayo hakuna cha kubishania. La umri wa michoro nimelifuta. La Akhwari nimelipindua, sasa linaanzia Edinburgh. La makao makuu nimeliandika upya hivi: taja mwaka mmoja unaoweza kuhesabiwa kuwa ndio ulioifanya Dodoma kuwa makao makuu, na useme kilichotokea mwaka huo. Waamuzi wenzangu wamelalamika kwamba itatulazimu kuyajua majibu yote matano badala ya moja, na kwamba jioni nzima tutauliza maswali 20 ambapo zamani tuliuliza 50. Wanasema kweli. Katika karatasi mpya mwaka 1996 una alama moja, na anayeongeza neno Bunge anapata ya pili.