Pale Hapakuwekwa Hatamu

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa nje ya Cold Spring Tavern, baa iliyokuwa kituo cha magari ya farasi, kule milimani juu ya Santa Barbara, California, mkononi mkate wenye nyama iliyochomwa kwa kuni za mwaloni, gitaa linalia. Raha mustarehe. Mpaka baba mmoja wa meza ya jirani alipoanza kuwahadithia wanawe habari za magari ya farasi: majambazi, bastola, mashujaa. Akamalizia kwa kuonyesha kidole nyumba ndogo ya mbao pembeni: "Pale nadhani waliweka hatamu."

Hatamu! Pale walilala watu, bwana.

Nyumba ile ilijengwa 1868 kwa ajili ya vibarua wa Kichina waliokuwa wakiitengeneza barabara ya kulipia ya San Marcos Pass, njia ya kuvuka milima hiyo. Wasingekuwepo wao, barabara isingekuwepo. Na pasipo barabara nani angesimamisha farasi korongoni auze chakula? Ukiupanda mlima ule kwa gari lenye kiyoyozi, masikio yanaziba. Wao waliuparua. Halafu 1882 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, ikadumu mpaka 1943. Njia tumeshaipata, ahsanteni, kwaherini! Leo mashujaa ni waliopita wamekaa kwenye viti, wakirushwarushwa na mawe.

Maana kituo chenyewe kilikuwa cha nini? Kubadilisha farasi, abiria wale, wachimbe dawa, safari iendelee. Reli ya pwani ilipounganishwa 1901, biashara hiyo ikafa. Daraja la 1963 nalo linapita kama mita 120 juu ya korongo, na wengi wanalivuka bila kujua kwamba chini yao kuna mtu anageuza nyama.

Haya, nikiri, ingawa kwa shingo upande: familia iliyoinunua baa hiyo 1941 ingeweza kuibomoa nyumba ile ikapata nafasi ya kuegesha magari. Haikuibomoa. Lakini pale pale ipo jela ya mbao ya 1873 iliyoletwa kutoka Ojai, na siku ile niliona kila mtu akipiga picha huko, anajifanya mfungwa, ulimi nje. Kwa Wachina hata mmoja hakusimama.

Na sisi tusijitie usafi. Muulize mtu yeyote habari za ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa, atakutajia simba wa Tsavo. Simba ndio tunaowajua! Vibarua wa Kihindi waliokuwa kwenye mahema wakiliwa, mtajie japo jina la mmoja.

Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia yule baba, kwa adabu kabisa (mke wangu atabisha), nani walilala mle. Akasema alikuwa hajui. Binti yake mdogo akashuka kwenye benchi, akaenda kuchungulia, akarudi akasema, "Baba, mbona padogo hivyo?"

Akaambiwa amalize mkate wake.